Barabara ya Makokha Nitaipita Yote

Namuwongo, Kampala

Mama,

Tulikuwa tumekalishwa chini kwenye matope, mimi na Afande Okello, mikono juu ya kichwa, na panga yangu ilikuwa kwa mkono wa mtu mwingine. Watu wa kijiji walikuwa wametuzunguka. Wengine walishika majembe, walitoka nayo shamba mbio hivyo hivyo, udongo bado unadondoka. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na jiwe mkononi. Mimi nilikuwa naangalia hilo jiwe tu, kwa sababu alikuwa analigeuza geuza polepole, kama vile wewe unavyobonyeza kiazi kujua kama kimeiva.

Nimeanza hapo kwa sababu dada Nafula ndiye anakusomea, na Nafula akianza na salamu ndefu wewe unasinzia. Lakini salamu ziko, mama. Hujambo? Mguu unaendeleaje, ule wa kushoto? Nyanya yetu Kukhu anakula vizuri, au bado anasema chakula hakina ladha? Ng'ombe amezaa? Na mtoto wa Nafula, bado analia usiku kucha? Mimi niko mzima. Jiwe halikurushwa. Sasa ngoja nirudi nyuma nieleze pole pole, kwa sababu hii barua nataka isomwe tena mbele ya wazee, siku mtakayokaa juu ya jina la mtoto. Kwa simu ningeshindwa. Mnajua mimi kwa simu nanyamaza mpaka mnafikiri laini imekatika. Nafula, usiruke mahali.

Unajua nilikuwa nafyeka nyasi kwa nyumba za watu huko Mbuya. Ndiyo mahali Afande Okello alinipata. Ni mzee wa kutoka kaskazini, alikuwa jeshi, sasa amestaafu anakaa Makindye na anaendesha pikapu ya kukodisha. Alikuwa ameleta mchanga kwa hiyo nyumba. Akamaliza kushusha, akasimama kuniangalia nikifyeka, muda mrefu, mpaka nikaona aibu.

"Wewe kijana," akasema, "hapana ongea mingi?"

Nikatingisha kichwa.

"Mzuri. Kuna kazi ya porini. Madamu yangu hapana penda mtu ya kelele."

Huyo madamu anaitwa Nakato, ni saveya, mpima ardhi, bado msichana lakini anatembea kuliko wanaume. Ofisi yake ilipewa kazi ya kutafuta barabara ya zamani, ile wanajeshi wa Mwingereza walikata kutoka Kampala kwenda kaskazini wakati gari hazijakuja, vitu vyote vikibebwa na ng'ombe na vichwa vya watu. Sasa wanataka kuiweka kwa ramani, wageni wanaopenda kutembea waje waipite. Kazi ilikuwa kuitafuta, kwa sababu imepotea. Karibu na mji imekuwa lami, mbele kidogo imekuwa mihogo ya watu, na mbele zaidi ni pori tu, nyasi kuliko mtu, na mafunjo.

Afande alipokuwa ananieleza hayo, panga ilisimama hewani. Hiyo ndiyo barabara ya Makokha.

Wazee wanaijua hiyo habari lakini Nafula alikuwa mdogo, kwa hivyo naiandika. Makokha ni babu yake marehemu Kuka, mume wa Kukhu. Aliondoka nyumbani na msafara, amebeba mzigo wa wanajeshi kichwani, akaja Uganda, akapelekwa na hiyo barabara. Hakurudi. Hakuna mtu alileta habari kwamba amekufa wala kwamba ameoa huko. Ndiyo sababu jina lake halijapewa mtoto yeyote mpaka leo, maana kwetu jina la mtu haliitwi kama haijulikani alipolala. Na sasa Kukhu anamuota yeye tu, amesimama mlangoni, nywele zimelala katikati ya kichwa pale mzigo ulikaa. Na mtoto wa Nafula amewekwa kwa titi akaitiwa majina ya wafu wetu wote na hanyamazi, ndiyo kusema jina lake bado halijatajwa. Siku mliponieleza hayo kwa simu, mlisema laini imekatika. Haikuwa imekatika.

Basi nikaenda nao.

Kutafuta barabara ambayo haionekani ni kazi ya macho, mama, na macho ninayo. Mbele kulikuwa na madamu na mashine yake ya kuonyesha njia, na picha ya ramani ya zamani kwa kompyuta ndogo ya mkono. Mimi nafyeka. Afande anafuata na vigingi na rangi nyekundu. Mahali barabara ilipita, ardhi imelala kidogo, kama kitanda mtu ametoka sasa hivi, na pande zote mbili kuna alama ya mtaro. Mvua ikinyesha maji yanakaa hapo kwa mstari. Kwa mito midogo unapata mawe yamepangwa chini ya maji, yana utelezi, lakini yamepangwa na mtu. Tukipotea, Afande anasimama anaangalia kilima, anauma meno.

"Wewe mwanajeshi," ananiambia. "Wewe nachoka, mzigo mzito, adui iko. Napanda hii mlima?"

"Hapana."

"Basi. Nazunguka. Twende huko."

Na mara nyingi tulikuwa tunaipata huko. Kila tukiipata mimi nilikuwa naweka mguu pale katikati, pole pole, bila kuwaonyesha. Nilikuwa nafikiria mguu wake.

Sasa kosa lilikuwa hivi. Karibu na mto Kafu, kabla ya mafunjo, barabara ilipotea kabisa. Mashine ya madamu ilikuwa imeisha chaji, akachukua pikipiki akarudi senta ya maduka kuichaji. Akatuambia tusifanye kitu, tungoje. Tukangoja. Lakini mimi nikaona, upande wa juu, mstari wa ule mmea wa majani marefu ambao huko kwetu tunapanda mpakani. Ni wa zamani sana, shina nene kama paja, umepandwa kwa mstari kabisa. Nikamwambia Afande, hii ni kando ya barabara, nani angepanda mimea ya mpaka katikati ya pori? Nikafyeka kufuata mstari, na Afande akapiga kigingi hapo, na kingine, akavipaka rangi.

Mama, huku Uganda ukiona watu hujui wanapiga kigingi chekundu kwa ardhi yako, ujue umeshaondolewa. Watu wengi wameondolewa hivyo. Asubuhi ni kigingi, jioni ni tingatinga. Mimi nilikuwa nimesikia hayo Namuwongo, lakini kichwa changu kilikuwa kwa barabara tu.

Mtoto mmoja mchunga mbuzi alituona akakimbia. Muda si muda watu wa kijiji wakatoka kwa nyasi pande zote. Mimi nilisimama tu. Kama tungenyamaza labda ingekuwa nafuu, lakini Afande, jeshi likamrudia, akanyoosha mkono akapiga sauti ya kambini:

"Simama hapo! Rudi nyuma!"

Kwa Kiswahili. Na hapo ndiyo mambo yakaharibika kabisa. Huko kwa wazee wa vijijini Kiswahili si lugha ya duka kama kwetu. Ni lugha ya mtu aliyekuja na bunduki. Wakaanza kuitana, "Abajaasi! Abajaasi!" ndiyo kusema wanajeshi. Walifikiri tumetumwa na mtu mkubwa kuchukua ardhi, mimi na Afande ni askari wa kulinda hao wengine watakaokuja. Wakachukua panga, wakachukua funguo ya pikapu, wakatukalisha. Luganda yangu mimi ni ya soko, najua kuuliza nyanya na kusema asante. Afande hata hiyo hana.

Wakamfungulia njia mama mzee mmoja, wanamuita Nnalongo, ndivyo wanavyomuita mama aliyezaa mapacha. Alikuja bila haraka, akiegemea fimbo. Akaangalia vigingi kwanza, halafu sisi.

"Wewe natoka wapi?" akaniuliza. Kwa Kiswahili.

Nikaangalia chini.

"Mimi najua hii Kiswahili kwa sababu ya mbuzi," akasema. "Zamani abajaasi nakuja hapa, nasema leta mbuzi. Mimi naleta. Nasema leta ingine. Naleta. Sasa mbuzi hapana. Wewe nataka nini?"

Wengine wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

"Jibu mama," Afande akaniambia kwa sauti ndogo. "Mimi wakiniskia ni mbaya zaidi."

Mama, unanijua. Hata kanisani nikiombwa kusoma mstari mmoja nilikuwa natoka nje. Lakini niliangalia lile jiwe, halafu nikaangalia miguu ya Nnalongo, na nikaanza kuongea na hiyo miguu. Nikasema natoka Kenya, Bungoma.

"Kenya ardhi imeisha?" kijana mmoja akauliza kwa nyuma. Wakacheka tena.

Nikasema sitaki ardhi. Nikasema kuna mtu wetu alipita hapa na mzigo kichwani, zamani za wazungu, na hakurudi nyumbani, na dada yangu amezaa mtoto ambaye hana jina. Nikasema hii barabara tunayoitafuta ndiyo alipita. Nikasema mmea wa watu nimekata, nimekosa, nilifikiri ni kando ya barabara. Sijui nilisema mara ngapi nimekosa.

Nnalongo akaegemea fimbo yake. Halafu akainama kunitazama usoni, na mimi sina mahali pa kuficha uso, mikono iko kichwani.

"Mtu yenu alikuwa pagazi?"

"Ndiyo, nyanya."

Akasema kitu kwa Luganda, na yule mama wa jiwe akaliweka chini. Hakulitupa, aliliweka. Nikaruhusiwa kusimama, na Afande pia.

Alinipeleka kwa ule mstari wa mimea. Haukuwa mpaka na haukuwa barabara, mama. Ulikuwa umezunguka mahali. Ndani kulikuwa na makaburi, yameshuka chini, hayana jiwe wala jina, lakini yamepaliliwa. Akasema wanajeshi walikuwa wakipita hapo, pagazi akishindwa kutembea wanamuacha kando na maji kidogo, msafara unaendelea. Mama mkwe wake alimwambia watu wa hapa ndio waliwazika, kwa sababu huwezi kuacha mtu wa watu alale juu ya ardhi. Na kila mwaka wakipalilia makaburi yao, wanapalilia na haya. Hakuna mtu wao humo hata mmoja. Na mimi nilikuwa nimewapigia kigingi chekundu mlangoni.

Nikaking'oa mwenyewe na mkono. Nikaking'oa na kile kingine.

"Yenu ni yupi?" akauliza.

"Sijui."

"Basi ita. Kama iko, nasikia."

Nikaita. Makokha.

"Wewe naita kuku?" akasema. "Ita mtu."

Watu wote walikuwa wanasikiliza, hata wale watoto wachunga mbuzi. Nikaita tena, sauti sijui ilitoka wapi. Nikasema Makokha, sisi ni wa nyumbani, watu wa Kuka, tunakutafuta. Ndege waliruka kwa mafunjo. Halafu hakuna kitu kilitokea, sikudanganyi. Sikusikia baridi wala sikuona mtu.

Nnalongo akanipa jembe dogo tukapalilia pamoja. Hapo ndiyo madamu alirudi, akakuta sisi ambao alituacha tukingoja tunapalilia makaburi. Alipiga magoti kumsalimu Nnalongo kama wafanyavyo Waganda, wakaongea muda mrefu, akaonyesha barua ya ofisi, akaomba msamaha kwa sababu yetu, tukarudishiwa panga na funguo. Kwetu alisema neno moja tu, "Niliwaambia mngoje." Ilitosha.

Jioni Afande alinivuta kando ya pikapu. Alikuwa na karatasi ya nailoni.

"Chukua udongo ya hapa," akasema. "Funga, tuma nyumbani. Mama nafurahi, mtoto napata jina, maneno naisha. Nani atauliza?"

Nilishika ile nailoni, mama. Nataka ujue niliishika. Ilikuwa rahisi sana. Ningeandika leo kwamba nimempata, na mngechinja kuku, na Kukhu angelala.

"Na kama si yeye?" nikamuuliza.

Akakaa kwenye tairi. Akasema ndugu yake mkubwa alienda vita na hakuletwa, wakaona wazike shati lake. Walilia vizuri, wakala, watu wakaenda nyumbani. "Mama yetu hapana amini hiyo shati," akasema. "Mpaka yeye nakufa, gari ikisimama barabarani, yeye naangalia nje." Halafu akachukua nailoni kwa mkono wangu akaikunja akaitia mfukoni.

Nnalongo anasema ng'ambo ya Kafu kuna mahali pengine kama hapo, na mbele yake pengine, mpaka pale ngome ya wanajeshi ilikuwa. Dada yake ameolewa ng'ambo. Amesema atatuma neno wasitupokee kwa mawe.

Tukarudi Kampala kupeleka vipimo, na hapo ndiyo kitu kingine kikatokea. Mkubwa wa ofisi alisikia habari ya sisi kukalishwa, akasema basi, hakuna kurudi, hataki mtu auawe kwa ajili ya njia ya watalii. Sehemu iliyobaki watachora kwa kompyuta, mstari kutoka Kafu mpaka mwisho. Madamu alikuja kutuambia hapo nje kwenye ngazi. Afande akasema sawa afande, ndivyo anavyojibu kila mtu. Mimi sikutoka hapo.

"Barasa," madamu akasema, "kwa ramani itaonekana tu sawa."

"Kwa ramani ndiyo," nikasema. "Lakini mtu atakuwa hajapita."

Aliniangalia kama mtu ambaye anasikia sauti yangu mara ya kwanza, na labda ilikuwa hivyo. Akaniuliza nitaenda na nini. Nikasema na miguu. Kesho yake akanitafuta huku Namuwongo, kwenye chumba changu kando ya reli, akasema amechukua likizo yake, na mashine ni yake si ya ofisi. Akasema hapendi mstari wa uongo kwa kazi yenye jina lake. Afande naye hakusema kitu, nilimkuta tu anabadilisha tairi za pikapu.

Ile nyumba ya Mbuya walikuwa wamenipa kazi ya getini, ya kudumu, na chumba ndani. Walitaka nianze leo. Nimekataa, mama. Najua utaweka mkono kwa shavu ukisikia hivyo. Lakini getini kutakuwa na mtu mwingine kesho, na huko Kafu hakuna mwingine atakayeenda kumuita Makokha.

Sasa haya ndiyo maneno ya wazee, Nafula soma kwa sauti. Mimi sitakuja kusema nimempata kama sijampata. Labda makaburi yote hayana jibu. Lakini hakutoka nje ya barabara hii, kwa sababu pagazi hakuwa na mahali pa kutoka. Amelala pembeni yake, mahali fulani. Nikiipita yote mpaka ngome, na kila mahali walipolazwa nikasimama nikaita jina lake, nitakuwa nimepita karibu naye, hata kama sijui ni wapi. Atakuwa amesikia mtu wa kwao. Nawauliza kwa heshima: hiyo haitoshi kumuita mtoto? Nikifika mwisho nitapiga simu, na sitanyamaza. Mkisikia natamka Makokha, mwekeni mtoto kwa titi mkamuite.

Kukhu aambiwe kwamba makaburi ya Nnalongo yanapaliliwa. Hilo peke yake mwambie, hata kama mengine hataelewa. Senje, shangazi yetu wa samaki pale sokoni, nimesikia ananicheka, nami namsalimia hivyo hivyo. Mjomba Khocha, yeye aliyesema Uganda nitaliwa na mamba, aombe kanisani, sijamuona mamba bado ila naelekea kwao. Mume wa Nafula asimwache Nafula akeshe na mtoto peke yake, amshike pia, hata mikono ya mwanaume inaweza. Jirani anayekukamulia ng'ombe mpe shukrani zangu. Na wewe mama, pumzisha mguu. Usipande mlima kuchota maji kama kuna njia ya kuzunguka, Afande anasema hata jeshi lilikuwa linazunguka.

Ningeandika zaidi, mkono bado unataka, lakini lazima niende sasa. Dereva wa basi la Malaba anayebeba hii barua amesimama mlangoni, na ng'ambo ya reli Afande anapiga honi, madamu ameshapanda. Mvua imeanza tangu alfajiri. Kafu ikijaa, mafunjo yanaelea yanaziba njia, na mtu havuki tena mpaka kiangazi. Mtoto hawezi kungoja jina mpaka kiangazi.

Mwanao,
Barasa